Sarafu Zilizonusurika Tanuru

Mwaka 1813 mafundi wa kiwanda cha kupigia sarafu cha Potosí, mji ulioko kwenye kimo cha takriban mita 4,000 katika milima ya Andes, walipewa kazi ambayo baba zao hawakupata kuiona. Kwa zaidi ya karne mbili kiwanda hicho kilikuwa kimepiga fedha kwa jina la mfalme wa Uhispania, na katika miaka arubaini ya mwisho sura ya mfalme mwenyewe ilikuwa ikionekana juu ya kila kipande. Sasa waliamriwa waiondoe sura hiyo, na mahali pake waweke jua lenye uso wa binadamu, linalotoa miali pande zote.

Amri hiyo ilitoka mbali, huko Buenos Aires, ambako ulikuwa unakaa Mkutano Mkuu wa majimbo ya Río de la Plata. Mkutano huo haukuwa umetangaza uhuru kwa maneno. Tangazo hilo lilingoja hadi mwaka 1816. Lakini matendo yake yalitangulia. Mwezi wa Februari mwaka 1813 uliamua kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa tangu hapo wawe huru. Mwezi wa Machi ukafuta mita, yaani kazi ya shuruti iliyowapeleka wenyeji wa asili wa Andes katika migodi ya Potosí tangu karne ya 16. Na tarehe 13 Aprili ukatoa sheria ya sarafu mpya: upande mmoja jua, upande wa pili nembo ya mikono miwili iliyoshikana, ikiinua kofia ya uhuru juu ya ufito. Maandishi yaliyoizunguka nembo yalisema kwa Kihispania, En Unión y Libertad, katika umoja na uhuru. Jina la mfalme halikutajwa popote.

Potosí yenyewe ilikuwa imeingia mikononi mwa wapigania uhuru baada ya Jenerali Manuel Belgrano, mwanasheria aliyegeuka jemadari, kushinda vita vya Salta mwezi wa Februari. Furaha yake haikudumu. Mwezi wa Oktoba alishindwa huko Vilcapugio, na mwezi wa Novemba huko Ayohuma. Jeshi lilipoanza kurudi nyuma, Belgrano alitoa amri kwamba kiwanda cha sarafu, jengo kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1773, kilipuliwe ili adui asikitumie. Mapipa ya baruti yakaingizwa ndani. Mlipuko haukutokea. Wafuasi wa mfalme wakaingia mjini, wakalikuta jengo zima, na mashine zikarudi kupiga sura ya Fernando wa Saba. Mwaka 1815 wapigania uhuru walirejea, jua likachomoza tena juu ya fedha kwa miezi michache, kisha likazama mara ya pili.

Kipande cha fedha cha reale nane cha mwaka 1813 huonekana minadani mara kwa mara, na mtu mwenye subira na kipato cha wastani aweza kukipata. Kile cha dhahabu cha escudo nane cha mwaka huo huo ni jambo jingine kabisa. Vilivyobaki ni vichache mno, na kimoja kinapojitokeza, habari huwafikia wakusanyaji wa Buenos Aires na wa London kabla nyundo ya mnadi haijainuliwa.

Ndipo lilipo jambo ambalo mtu asiyeuzoea ukusanyaji huu hulikosea. Hudhani kwamba sarafu huwa adimu kwa kuwa zilipigwa chache tu. Mara nyingine ni kweli. Argentina ilipotoa sarafu ya dhahabu iitwayo nusu argentino mwaka 1884, vilipigwa vipande 421 tu, na idadi hiyo peke yake yatosha kueleza bei yake. Lakini kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 katika Amerika ya Kusini kisa ni kingine. Sarafu ilipigwa na serikali iliyokuwa ikipigana kuishi. Serikali hiyo ikaanguka. Na iliyofuata ikaikusanya, ikaiyeyusha, ikaipiga chapa upya, au ikaigonga muhuri wake juu ya wa adui. Kinachotafutwa leo kwa bei kubwa ni kile ambacho zamani mtu mwenye madaraka hakutaka kionekane. Mkusanyaji asiyeifahamu historia hiyo atanunua fedha kwa uzani, na huenda hata hiyo fedha asiipate.

Kwa masikio ya Waswahili, fedha hii si ngeni kama inavyodhaniwa. Kamusi za kale za Kiswahili zina neno reale ya mzinga. Hiyo ndiyo sarafu ya Kihispania ya reale nane, iliyofika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi na merikebu pamoja na reale ya Sham, yaani ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria. Mzinga wenyewe haukuwa mzinga. Nembo ya Uhispania ilikuwa na nguzo mbili kandokando, nguzo za Hercules za mlango wa bahari wa Gibraltar, na wafanyabiashara wa nchi za Kiarabu na wa pwani walipozitazama waliona mitutu ya mizinga. Waarabu nao waliiita sarafu hiyo baba wa mzinga. Jina la riali ambalo hadi leo linatajwa madukani Muscat, Doha na Sanaa asili yake ni neno hilo hilo la Kihispania. Na kama ilivyo katika Kiswahili, ambapo fedha ni madini na fedha ni pesa, vivyo hivyo mtu wa Bolivia au Argentina husema plata kwa maana zote mbili.

Sarafu hiyo iliaminiwa dunia nzima kwa sababu mbili: uzani wake wa takriban gramu 27 ulikuwa haubadiliki, na sura yake ilijulikana. Mfanyabiashara wa China, ambaye hakujali kitu kuhusu mfalme wa Uhispania, aliijali sana sura ya mfalme juu ya fedha, na dola yenye sura asiyoizoea aliipunguzia thamani. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani kwa jamhuri changa. Ziliweza kumfukuza mfalme katika nchi. Kumfukuza katika mfuko wa mfanyabiashara ilikuwa kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo karibu zote zilibadilisha picha, lakini uzani na ukubwa wa sarafu ya reale nane ziliuacha kama ulivyokuwa.

Peru ni mfano ulio wazi. José de San Martín alitangaza uhuru mjini Lima tarehe 28 Julai 1821, na mwaka uliofuata kiwanda cha Lima kikaanza kupiga reale nane zenye maneno Perú Libre, Peru Huru. Vita havikuwa vimekwisha. Jeshi la mfalme lilirudi Lima, na mwaka 1824 mji ukawa tena chini yake. Wakubwa wa jeshi hilo walikuwa na haja ya fedha ya kuendeshea vita, na sokoni zilikuwapo sarafu zinazowatukana. Wakapata njia ya mkato: waliigonga kila sarafu ya Peru Huru muhuri mdogo wenye taji la kifalme na mwaka 1824. Basi kipande kimoja cha fedha kikabeba serikali mbili zilizokuwa zikiuana. Maneno ya uhuru chini, taji juu yake. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo vita vya Ayacucho vikaumaliza utawala wa Uhispania katika Peru, na muhuri ule haukuwa na kazi tena.

Wahispania walifanya vivyo hivyo hata ng'ambo ya bahari ya Pasifiki. Visiwa vya Ufilipino vilikuwa bado vyao, navyo vilitegemea fedha iliyotoka Amerika. Ilipoanza kufika Manila fedha yenye jua la Peru na mlima wa volkano wa Chile, watawala waliona hatari ya kuwasomesha raia wao habari za uasi kwa njia ya pesa. Mwaka 1828 waliagiza sarafu hizo zipigwe chapa nzima juu yake, yenye maneno ya kwamba zimeidhinishwa na mfalme Fernando wa Saba. Kazi hiyo ilikuwa nzito na mashine hazikuihimili, kwa hiyo tangu mwaka 1832 wakaridhika na muhuri mdogo wenye herufi F na tarakimu 7 chini ya taji, na baada ya Fernando kufa wakatumia herufi ya Isabel wa Pili. Wako wakusanyaji ambao hawatafuti kitu kingine ila sarafu za Amerika zilizokwenda Manila na kurudi na majeraha hayo.

Huo mlima wa volkano ulianza kuonekana Santiago mwaka 1817, baada ya ushindi wa Chacabuco. Peso ya kwanza ya Chile ilikuwa na mlima unaotoa moto, na ikaendelea kupigwa hadi mwaka 1834. Kwa jumla si adimu, ingawa miaka fulani na herufi fulani ni adimu. Lakini kusini mwa nchi hiyo, katika kisiwa cha Chiloé, gavana wa mfalme Antonio de Quintanilla alikuwa bado ameshikilia ngome yake, amekatiwa njia pande zote. Mwaka 1822 alikosa pesa za kuwalipa askari. Kisiwani hapakuwa na kiwanda cha sarafu. Ikachukuliwa sarafu ya kawaida ya Potosí, ikatengenezewa kalibu, na fedha iliyoyeyushwa ikamiminwa humo, kisha kila kipande kikagongwa jina la Chiloé. Kipande hicho leo ni miongoni mwa vinavyotamaniwa sana, nacho huwatesa wataalamu. Kanuni ya kwanza anayofundishwa mwanagenzi ni kwamba sarafu ya kumimina kwenye kalibu ni ya bandia, kwa kuwa ya halali hupigwa kwa chapa. Katika Chiloé, ya halali ndiyo iliyomiminwa.

Brazil ilipita njia yake. Familia ya kifalme ya Ureno ilimkimbia Napoleon na kuhamia Rio de Janeiro mwaka 1808, na serikali yake ilihitaji fedha upesi. Kuanzia mwaka 1810 ilinunua dola za Kihispania kwa bei ya chini, ikazipiga chapa upya na kuzitoa kuwa sarafu za réis 960, na tofauti ya bei ikabaki hazina. Chapa mpya haikuifuta ya zamani kabisa. Chini ya ngao ya Ureno, mtu mwenye kioo cha kukuzia huweza kuona pua ya mfalme Carlos, herufi za Potosí, tarakimu za mwaka wa kwanza. Baadhi ya watu wametumia maisha yao wakitafuta ni sarafu gani iliyolala chini ya kila réis 960, na mara chache hugundulika kuwa aliyelala chini ni jua la mwaka 1813. Hapo bei hubadilika.

Sarafu mashuhuri kuliko zote za Brazil haikuwahi kufika sokoni. Pedro wa Kwanza alipotawazwa kuwa mfalme mkuu mwezi wa Desemba mwaka 1822, ilitayarishwa sarafu ya dhahabu ya réis 6,400 iliyochongwa na Zeferino Ferrez, mchongaji Mfaransa. Vilipigwa vipande 64, kisha kazi ikasimamishwa. Inaelezwa kwamba mfalme hakupendezwa kuonyeshwa kifua wazi na taji la majani kichwani mithili ya kaisari wa Kirumi, na tena maandishi yaliacha kumtaja kuwa mfalme wa kikatiba na mlinzi wa daima wa Brazil. Kwa nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajitenga na Ureno, kuacha neno la katiba halikuwa kosa dogo. Vinavyojulikana kuwapo leo havifiki ishirini, na kimoja kiliuzwa mnadani New York mwezi wa Januari 2014 kwa karibu dola laki tano za Marekani.

Zipo sarafu ambazo zilizaliwa katika njaa. Mji wa Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, ulizingirwa tangu mwaka 1843 hadi 1851 na jeshi la Manuel Oribe, aliyeungwa mkono na Juan Manuel de Rosas, mtawala wa Buenos Aires. Mwaka 1844, ndani ya mji uliozingirwa, kilianzishwa kiwanda kidogo cha sarafu, na wenye nyumba wakatoa vyombo vyao vya fedha viyeyushwe. Peso iliyotoka humo iliandikwa bila kificho Sitio de Montevideo, maana yake kuzingirwa kwa Montevideo. Ni nadra kwa serikali kutangaza dhiki yake juu ya pesa zake. Ukiiweka peso hiyo kando ya reale nane zilizopigwa La Rioja, Argentina, kati ya mwaka 1838 na 1840, utazisikia pande zote mbili za ugomvi, kwa sababu zile za La Rioja zina maneno ya kumpa Rosas sifa za milele. Milele yenyewe ilikoma mwezi wa Februari mwaka 1852, aliposhindwa huko Caseros akapanda meli ya kwenda Uingereza.

Mwaka 1859 kaskazini mwa Chile, katika mji wa migodi wa Copiapó, tajiri wa fedha Pedro León Gallo aliasi dhidi ya serikali ya Santiago akidai katiba mpya. Jeshi lake lilihitaji mishahara, na fedha ilikuwapo mlimani. Peso zilizopigwa huko ziliitwa pesos constituyentes, peso za katiba, nazo ni za sura duni: chapa rahisi, kazi ya haraka, bila pambo. Gallo alishinda huko Los Loros mwezi wa Machi na akashindwa huko Cerro Grande mwezi wa Aprili. Maisha ya sarafu zake yalikuwa majuma machache. Na kwa kuwa ni rahisi kuziiga, za bandia zimezagaa, jambo ambalo litazungumzwa punde.

Kabla ya hapo yafaa kutajwa tanuru la aina nyingine, lisilo la kisiasa. Tangu mwaka 1830 serikali ya Bolivia chini ya Andrés de Santa Cruz ilianza kupiga sarafu ndogo zenye fedha halisi kama theluthi mbili tu, hali ile kubwa ya reale nane ikiendelea kuwa na fedha karibu asilimia tisini. Watu si wajinga. Waliweka zile nzuri masandukuni au wakazisafirisha nje, na wakalipana kwa zile mbovu, ambazo zilifurika hadi kaskazini mwa Argentina na kusini mwa Peru na kuvuruga biashara ya nchi hizo kwa miaka mingi. Sarafu nzuri zilizovuka bahari ziliishia katika viwanda vya Ulaya na masoko ya China, zikayeyushwa bila chuki wala siasa. Ndiyo maana kipande cha reale nane kilichohifadhika vizuri chaweza kuwa kigumu kupatikana hata pale kilipopigwa kwa maelfu kwa maelfu.

Mkusanyaji basi husoma vitu vidogo. Karibu na ukingo wa sarafu ya Potosí, ya Lima au ya Santiago hupatikana alama ya kiwanda, kisha herufi moja au mbili za jina la mpimaji, yaani ofisa aliyedhamini kwamba fedha ni safi kama inavyopaswa. Wapimaji walibadilishwa, walikufa, walikimbia na majeshi. Sarafu mbili za mwaka mmoja na mji mmoja zinaweza kutofautiana kwa herufi hiyo tu, na moja ikawa ya bei ya chakula cha jioni, ya pili ya bei ya nyumba. Elimu hii ilijengwa na watu wachache wenye bidii kubwa. Mchile José Toribio Medina, aliyefariki mwaka 1930, alipekua nyaraka za Uhispania na Amerika na kuandika vitabu kuhusu sarafu za Chile na za makoloni. Muajentina Humberto Burzio, ofisa wa jeshi la majini, alitoa kamusi ya sarafu za Amerika ya Kihispania katika miaka ya 1950. Vitabu vyao bado hufunguliwa, hata na watu wenye kompyuta mbele yao.

Sasa suala la bandia. Udanganyifu wenyewe si mpya. Dola za Kihispania zilighushiwa tangu zilipokuwa pesa halali, na zile bandia za wakati ule zina wakusanyaji wake, wanaozipenda kwa ajili ya ujasiri wa waliozitengeneza. Balaa ni zile za leo. Mashine za kisasa hutoa peso ya Montevideo au jua la Potosí ambalo picha yake mtandaoni haitofautiani na ya kweli, na mtu anayenunua kwa picha tu ananunua ahadi.

Mambo machache humlinda mnunuzi. Mizani ndogo ni ya lazima: reale nane isiyochakaa sana ikipungua chini ya gramu 26 au kuzidi 28 inahitaji maelezo. Mizani hiyo hiyo, pamoja na bilauri ya maji, huwezesha kulinganisha uzani wa sarafu hewani na majini, na kwa njia hiyo kujua kama ndani ni fedha au ni madini mengine yaliyopakwa. Sumaku haivuti fedha. Ukingo hutazamwa kuliko uso, kwa sababu mghushi hutumia jasho lake usoni: mapambo ya ukingo ya kiwanda halisi hayana mshono wa kuungia. Vitundu vidogo kama vya mkate juu ya uso ni dalili ya kalibu, Chiloé ikiwekwa kando. Mihuri midogo, kama ile ya taji la 1824, ndiyo hatari zaidi, kwani sarafu ya chini inaweza kuwa ya kweli kabisa na muhuri ukawa umegongwa juzi katika karakana ya nyuma ya duka. Hapo uzani hausaidii. Husaidia kuzilinganisha na nyingine ambazo historia yake inajulikana, na kuuliza kipande kimetoka kwa nani na kiliwahi kuuzwa mnada gani.

Wapo wanaoziharibu sarafu zao kwa mapenzi. Fedha iliyokaa miaka 200 hupata rangi ya kijivu au ya samawati iliyofifia, na mwenye nayo akadhani ni uchafu. Akiisugua kwa chumvi na ndimu, inang'aa kwa siku chache, na thamani yake huenda na yale maji. Kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzifungia ndani ya kasha la plastiki, zikitumia kipimo cha alama 70 kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949, huitambua sarafu iliyosuguliwa mara moja, na huandika hivyo kwenye kasha kwa kila mtu kusoma. Kasha zenyewe pia zimeghushiwa, lakini huo ni mjadala mwingine.

Kuna swali ambalo mizani haiwezi kulijibu, nalo ni la umiliki. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 umezitaja sarafu zenye umri unaozidi miaka mia moja miongoni mwa mali za kitamaduni ambazo nchi ina haki ya kuzilinda zisitoroshwe. Mkusanyaji wa London au New York huenda akawa ameinunua peso yake katika mnada wa halali, lakini nchi ilikopigwa ikauliza ilitokaje.

Swali hilo lilifika mahakamani kwa namna ambayo haikutarajiwa. Tarehe 5 Oktoba 1804, wakati Uhispania na Uingereza hazikuwa vitani, kundi la meli za kivita za Kiingereza lilizizuia meli nne za Kihispania zilizotoka Amerika ya Kusini, karibu na pwani ya Ureno. Risasi zikafyatuliwa, na mojawapo, Nuestra Señora de las Mercedes, ikalipuka na kuzama pamoja na watu zaidi ya 200. Mwaka 2007 kampuni ya Marekani iliyobobea katika kutafuta meli zilizozama iliibua kutoka baharini sarafu zipatazo 594,000, nyingi zikiwa za fedha, ikazisafirisha Florida. Uhispania ilidai kwamba meli ya kivita ni mali ya taifa lake hata ikiwa chini ya bahari. Peru ilidai kwamba fedha ilichimbwa na kupigwa katika ardhi yake. Vizazi vya wafanyabiashara waliokuwa na mizigo ndani ya meli nao walidai sehemu yao. Mahakama za Marekani zilikubaliana na Uhispania, na mwezi wa Februari mwaka 2012 ndege mbili za kijeshi zikaja kuzichukua. Ombi la Peru halikusikilizwa, na wengi mjini Lima hawakulikubali jambo hilo moyoni.

Katika meli nyingine ya msafara ule alikuwamo ofisa wa majini Diego de Alvear pamoja na mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka 14, Carlos. Mke wa ofisa huyo na watoto wake wengine walikuwa ndani ya Mercedes, na baba na mwana waliiona ikilipuka. Kijana huyo alirudi Buenos Aires miaka kadhaa baadaye, na mwezi wa Januari mwaka 1813 alichaguliwa kuwa rais wa kwanza wa Mkutano Mkuu, ule uliofuta mita na kuagiza jua lichorwe juu ya fedha ya Potosí.

Sarafu za Mercedes zimehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho ya chini ya bahari la Cartagena, Uhispania. Baadhi bado zimeshikamana kwa mafungu, kwa umbo la mifuko iliyozibeba na ambayo imekwisha kuoza. Nyingi zilipigwa Lima mwaka 1803, na zote zilizotoka humo zina sura ya mfalme.